Fungu Linalojirudia: Historia Fupi ya Mafundisho ya Ruwaza kwa Watoto Wadogo

1. Utangulizi

Katika shule za chekechea na katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, ipo kazi moja inayoonekana ndogo sana, hata walimu wengi huihesabu kuwa mchezo tu. Mwalimu hupanga vifuniko vya chupa mezani: chekundu, cheupe, chekundu, cheupe. Kisha humwuliza mtoto ni kipi kinachofuata. Mtoto akijibu kwamba ni chekundu, husifiwa, na darasa huendelea na jambo jingine. Mpangilio wa namna hii, ambao sehemu yake moja hurudi tena na tena bila kubadilika, unaitwa katika makala haya ruwaza inayojirudia, kwa kulifuata neno ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamekwisha kulizoea.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mtoto aliyejibu vizuri amejua nini hasa? Huenda ametambua kwamba vifuniko viwili, chekundu na cheupe, vinafanya fungu moja, na kwamba ni fungu hilo linalorudi. Lakini huenda pia ameshika wimbo tu, kama mtu anayeitikia kibwagizo asichokifahamu maana. Katika hali zote mbili jibu ni lile lile, na mwalimu asiyeuliza zaidi hawezi kutofautisha. Ujuzi wa kwanza ni mlango wa kuzidisha, wa kugawanya na hatimaye wa aljebra. Ujuzi wa pili hauna budi kukoma pale wimbo unapokoma.

Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi tofauti hiyo ilivyojitokeza katika historia ya elimu ya watoto wadogo, tangu Ujerumani ya karne ya 19 hadi tafiti za karne ya 21. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba jambo ambalo shule ililifikia kwa kuchelewa, yaani kulipa jina fungu linalojirudia, lilikuwa desturi ya wafumaji na wachongaji wa nchi ya Kongo kabla ya shule hizo kufunguliwa huku. Mwishoni yatagusa swala la lugha, kwa sababu jina hutolewa kwa lugha, na lugha ya darasani nchini Kongo imebadilishwa mara nyingi.

2. Froebel: kutoka fuwele hadi karatasi

Friedrich Froebel alizaliwa mwaka 1782, akafariki mwaka 1852. Kabla ya kujulikana kama mwalimu wa watoto wadogo, alifanya kazi mjini Berlin, baina ya miaka 1814 na 1816, akiwa msaidizi wa Christian Samuel Weiss katika jumba la kuhifadhia madini. Weiss alikuwa mtaalamu wa fuwele, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi maumbo ya mawe hayo yanavyopangika kwa kuifuata mihimili yao. Kwa mtazamaji wa fuwele, jiwe zima hufahamika kwa kufahamu umbo dogo linalorudiwa ndani yake na njia ya kulirudia. Wanahistoria wengi wa elimu wameona kwamba fikra hiyo ilimfuata Froebel hadi kwenye vifaa alivyowatengenezea watoto.

Mwaka 1837 Froebel alianzisha mahali pa kuwalea na kuwafundisha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Vifaa vyake viligawanyika katika sehemu mbili: zile alizoziita zawadi, kama mipira, miche na vibao, na zile zilizoitwa kazi, kama kukunja karatasi, kutoboa, kushona na kufuma. Katika kufuma, mtoto alipewa karatasi iliyochanwa kwa mistari pamoja na vipande vyembamba vya rangi nyingine. Alipitisha kipande juu ya mstari mmoja na chini ya mmoja. Au juu ya miwili na chini ya mmoja. Kanuni ikibadilishwa, sura ya ufumaji mzima hubadilika. Mtoto akikosea, safu inayofuata humfichulia kosa lake bila mtu mzima kusema neno.

Hapa ruwaza haikuwa tu jambo la kukisia kinachofuata. Mtoto alikuwa na kanuni mikononi, na matokeo yake aliyaona machoni. Hata hivyo, serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1860 tu, Froebel mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Bustani zilienea katika nchi nyingine, lakini wafuasi wengi waligeuza kazi zake kuwa maagizo ya kufuatwa hatua kwa hatua: mwalimu husema, watoto wote hutenda sawa. Ufumaji ulibaki, ila swali la kwa nini sura fulani hutokea likasahauliwa. Hatari hii itaonekana tena mara kwa mara katika historia ya somo hili: kifaa hurithiwa, na fikra iliyokizaa huachwa njiani.

3. Roma, Geneva na Thuin

Tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Vifaa vyake ni mashuhuri: miche kumi inayopungua ukubwa, fimbo za urefu mbalimbali, shanga za kuhesabia. Lakini yafaa kuangalia kwamba vingi vya vifaa hivyo hufundisha mfululizo unaokua, si ruwaza inayojirudia. Katika mfululizo unaokua, kila kitu humzidi mwenzake kwa kiasi kile kile. Katika ruwaza inayojirudia, hakuna kinachozidi. Kilichokuwapo mwanzo hurejea. Mtoto huhitaji yote mawili, na kuyachanganya ni kosa ambalo vitabu vingi vya shule vimelifanya.

Mwaka 1948 Jean Piaget na Bärbel Inhelder walichapisha kitabu juu ya jinsi mtoto anavyojenga picha ya nafasi. Miongoni mwa majaribio yao, watoto walionyeshwa vitu vilivyopangwa kwa mstari, kama shanga kwenye uzi, wakaombwa kupanga vyao kwa utaratibu ule ule, kisha kwa utaratibu wa kinyume. Ilionekana kwamba mtoto mdogo huweza kuona kwamba shanga hii ipo kando ya ile, lakini hushindwa kuulinda mpangilio mzima. Hushika jozi, hupoteza mstari. Jambo hili lina maana kubwa kwa mafundisho ya ruwaza: kuona kwamba nyeupe hufuata nyekundu ni kushika jozi tu, kuona kwamba mstari mzima umejengwa kwa mafungu ni hatua nyingine kabisa.

Nchini Ubelgiji, mwalimu wa mji wa Thuin aitwaye Georges Cuisenaire alichapisha mwaka 1952 kijitabu juu ya namba katika rangi. Alikuwa ametengeneza vijiti vya urefu wa sentimeta 1 hadi 10, kila urefu ukiwa na rangi yake. Caleb Gattegno alimtembelea mwaka 1953 na kuvieneza vijiti hivyo katika nchi nyingi. Kwa vijiti hivyo mtoto anaweza kupanga fungu la kijiti kirefu na kifupi, akalirudia mara nne, kisha akalipima fungu moja na kupata urefu wa mstari mzima. Kuzidisha huonekana hapo si kama orodha ya kukariri, bali kama kurudia fungu.

Wakati huo huo Ubelgiji ilikuwa ikitawala Kongo. Mpango wa elimu uliotolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1929 kwa shule za Waafrika ulitilia mkazo kilimo na kazi za mikono. Katika mpango wa namna hiyo, kusuka na kufuma kuliwekwa upande mmoja, na hesabu upande mwingine. Mtoto aliyesuka mkeka asubuhi na kuandika hesabu baadaye hakuambiwa na mtu kwamba mambo hayo mawili yalikuwa na undugu. Hasara ya mgawanyo huo haikuwa ya heshima peke yake, ingawa heshima nayo ilipotea. Ilikuwa hasara ya mafundisho: hesabu ilikosa mfano ulio karibu, na ufundi ulikosa maneno ya kuufikirisha.

4. Wakuba na Wachokwe: fungu lenye jina

Ufalme wa Wakuba ulikuwa baina ya mito Kasai na Sankuru, na mji wake mkuu ni Mushenge. Ni nchi iliyo nje ya eneo la Kiswahili, lakini kazi zake zimejulikana duniani kote. Wanaume hufuma kitambaa cha rafia. Wanawake hukidarizi, na kwa kukata ncha za nyuzi hupata ile sura laini iliyokipatia kitambaa hicho jina la mahameli ya Kasai. Wadarizi hawana desturi ya kuchora mfano kwanza juu ya kitambaa. Hufanya kazi kwa kuikumbuka ruwaza.

Emil Torday, mtafiti mzaliwa wa Hungaria, alifika kwao mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kitabu alichokiandika pamoja na T. A. Joyce, kilichochapishwa mwaka 1910, jambo moja liliandikwa ambalo wataalamu wa sanaa wamelirudia mara nyingi. Wakuba, au Wabushongo kama walivyoitwa humo, hawakulipa jina pambo zima kwa jinsi linavyoonekana kwa jumla. Walichagua sehemu moja waliyoiona kuwa ndiyo msingi wake, na jina la sehemu hiyo likawa jina la pambo. Ndiyo maana mapambo mawili ambayo mgeni huyaona kuwa tofauti yaliweza kuwa na jina moja, na pambo ambalo mgeni huliona kuwa moja liliweza kupata majina mawili, kutegemea mtaja-jina ameona sehemu ipi kuwa msingi.

Kwa mwalimu wa hisabati, desturi hii ina uzito. Kulitaja pambo kwa sehemu yake ya msingi ni kukiri kwamba kitambaa kizima ni sehemu hiyo iliyorudiwa, iliyogeuzwa au iliyopinduliwa. Ni ule ujuzi wa kwanza uliotajwa katika utangulizi, ukiwa umewekwa ndani ya lugha ya kila siku ya mafundi. Mwaka 1971 mwanahisabati Donald Crowe aliyachunguza mapambo ya Wakuba kwa kanuni za ulinganifu. Hisabati huthibitisha kwamba zipo aina 7 tu za kurudia umbo katika ukanda, na aina 17 tu za kulirudia katika bapa. Crowe alizikuta kwa Wakuba aina zote 7 za ukanda, na aina 12 kati ya zile 17 za bapa.

Inasimuliwa pia kwamba, katika miaka ya 1920, wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, wakidhani atastaajabia mashine. Mfalme hakuijali sana. Kilichomvutia ni alama zilizoachwa na matairi mchangani, akaagiza zinakiliwe, na ruwaza hiyo mpya ikaitwa kwa jina lake. Gurudumu likizunguka mara moja huchapa fungu moja, na njia nzima ni fungu hilo lililorudiwa. Macho yaliyozoea kutafuta fungu hayakukawia kuliona.

Watoto nao walikuwa na shule yao. Torday alieleza, katika kitabu chake cha mwaka 1925, jinsi alivyowakuta watoto wakichora mchangani, wakamtaka naye achore maumbo magumu, wakafurahi mno aliposhindwa. Ilikuwa michoro ya mistari inayopitwa yote bila kuinua kidole wala kurudia mstari uliokwisha pitwa, jambo lile lile ambalo Leonhard Euler alilichunguza mwaka 1736 kuhusu madaraja ya Königsberg.

Karibu zaidi na eneo la Kiswahili wapo Wachokwe, ambao makao yao yameenea Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, hata pande za Lualaba. Michoro yao ya mchangani, iitwayo sona, ilichunguzwa kwa kina na Paulus Gerdes (1952–2014), mwanahisabati wa Msumbiji, kuanzia miaka ya 1980. Mchoraji husawazisha mchanga, kisha kwa ncha za vidole huweka nukta katika safu zenye nafasi sawa, na baadaye hupitisha mstari unaozizunguka nukta hizo. Gerdes alionyesha kwamba mchoraji hahitaji kukumbuka mchoro wote. Yatosha akumbuke idadi ya safu za kwenda na za kushuka, pamoja na kanuni ya mstari. Mchoro mkubwa huhifadhiwa kichwani kwa mambo machache, na hiyo ndiyo faida kubwa ya ruwaza katika akili ya mwanadamu.

5. Tahadhari mbili

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa kudai kwamba mtoto wa fundi huingia shuleni akiwa mwanahisabati tayari. Historia hairuhusu haraka hiyo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza imetoka Meksiko. Kuanzia mwaka 1969 Patricia Greenfield na Carla Childs walifanya utafiti huko Zinacantán, miongoni mwa Wamaya wa jimbo la Chiapas, ambako wasichana hujifunza kufuma vitambaa vya mistari ya rangi. Watoto walipewa vijiti vya rangi, wakaombwa kuonyesha ruwaza za vitambaa wanavyovifahamu na kuendeleza ruwaza nyingine. Wasichana wafumaji walielekea kukionyesha kitambaa uzi kwa uzi, kama mikono yao inavyokijua. Wavulana wasiofuma walielekea kuonyesha mstari mpana kwa kijiti kimoja kipana, kama macho ya mtazamaji yanavyouona. Greenfield aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara ikiwa imeenea, kizazi kipya kilikuwa kimeelekea zaidi kwenye njia hiyo ya pili. Kwa hiyo ujuzi wa mikono ni ujuzi wa kweli, lakini una sura yake. Hauhami wenyewe kutoka kitambaa hadi vijiti. Huhamishwa kwa mazoezi na kwa maneno.

Sababu ya pili ipo mashariki mwa Kongo. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua Ishango, pale ambapo mto Semliki hutoka katika ziwa Edward, kipande cha mfupa chenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000, umehifadhiwa Brussels. Katika safu moja mikato huhesabika 11, 13, 17 na 19. De Heinzelin aliona humo mchezo wa namba. Alexander Marshack, mwaka 1972, aliona kalenda ya mwezi. Mikato ni ile ile. Kanuni ni mbili. Safu ya alama huwa ruwaza pale tu kanuni yake inapojulikana, na aliyeikata hayupo tena kuulizwa.

Mwalimu akumbuke jambo hilo anapoweka mezani vifuniko vitatu tu, chekundu, cheupe, chekundu, na kudai kijacho. Mtoto anayesema "chekundu tena" huenda ameona fungu la chekundu, cheupe, chekundu, na hajakosea hata kidogo. Mwenye kosa ni aliyeonyesha kidogo mno. Fungu zima lapaswa kuonyeshwa angalau mara mbili, na ni bora mara tatu, kabla ya kuuliza.

6. Tafiti za karibuni

Mwaka 1999 John Threlfall, mtafiti wa Uingereza, aliandika kwa uwazi juu ya shida hii: mtoto anaweza kuendeleza ruwaza kwa mdundo wa kutamka majina ya rangi, bila kuliona fungu. Swali likawa jinsi ya kumpeleka mbele ya mdundo.

Nchini Australia, Marina Papic, Joanne Mulligan na Michael Mitchelmore walitoa mwaka 2011 matokeo ya utafiti wao katika shule mbili za chekechea. Katika moja, watoto walifundishwa ruwaza kwa miezi 6, mkazo ukiwekwa katika kulitambua fungu linalojirudia. Katika nyingine, masomo yaliendelea kama kawaida. Watoto wa shule ya kwanza waliwapita wenzao katika ruwaza, na tofauti ilikuwa bado ikionekana mwaka mmoja baada ya kuanza shule.

Nchini Marekani, Bethany Rittle-Johnson na wenzake walitumia kazi za ngazi mbalimbali: kunakili ruwaza, kuiendeleza, kuihamisha na kulitaja fungu lake. Kuihamisha maana yake ni kuonyeshwa ruwaza kwa rangi mbili, kisha kuitengeneza ruwaza ile ile kwa vitu vingine kabisa. Utafiti wao wa mwaka 2017, uliofuatilia watoto 517 wa familia zenye kipato kidogo tangu umri wa miaka 4 hadi 11, ulionyesha kwamba ujuzi wa ruwaza mwishoni mwa chekechea ni mojawapo ya mambo yanayobashiri mafanikio katika hisabati miaka mingi baadaye.

Matokeo hayo hayakuwa yametarajiwa na watunga sera wote. Mwaka 2008 jopo la taifa la hisabati nchini humo lilishauri kwamba ruwaza zisiwe mada kuu katika madarasa ya chini, na viwango vya pamoja vilivyotolewa mwaka 2010 havikuziweka miongoni mwa mambo ya lazima ya chekechea. Upande wa jopo ulikuwa na hoja: ruwaza zinazofundishwa kama mapambo tu, bila kanuni, hazimfikishi mtoto kwenye aljebra. Lakini hoja hiyo inalaumu namna ya kufundisha, haiilaumu mada yenyewe.

Tokeo linalogusa zaidi taaluma ya lugha ni la Emily Fyfe, Nicole McNeil na Rittle-Johnson, la mwaka 2015. Watoto walionyeshwa ruwaza zile zile. Wengine walisikia zikielezwa kwa majina ya rangi, wengine kwa herufi zisizo na rangi wala umbo, kama A, B, B. Waliosikia herufi walifanya vizuri zaidi. Jina la rangi humfunga mtoto kwenye kifuniko alichokishika. Jina la nafasi humwachilia aione kanuni. Kwa maneno mengine, namna ya kuitaja ruwaza ni sehemu ya kuijua, kama mafundi wa Kikuba walivyokuwa wakitenda.

7. Swala la lugha darasani

Nchini Kongo, mtoto husikia maelezo haya kwa lugha gani? Mwaka 1962 mpango wa taifa uliifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mwezi wa Mei 1974, semina ya kwanza ya wanaisimu wa Zaire, iliyofanyika Lubumbashi, ilipendekeza lugha za taifa zirudishwe shuleni. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezitaja lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia kuwa somo. Baina ya maandishi na darasa, hata hivyo, umbali umekuwa mkubwa, hasa mijini, ambako wazazi wengi huona Kifaransa kuwa ndicho mlango wa kazi.

Swala hili si la fahari ya lugha peke yake. Mtoto anayeshindana na neno asilolijua kwa ajili ya rangi hana nafasi ya kutafuta fungu. Atashika mdundo, kwa sababu mdundo haudai kuelewa, naye mwalimu atadhani amefahamu. Miaka mitatu baadaye, mbele ya jedwali la kuzidisha, upungufu huo utaitwa uvivu au uzito wa akili.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hii. Neno fungu linajulikana na kila mtoto aliyeona nyanya zikiuzwa sokoni: kila fungu lina idadi ile ile, na meza nzima ni fungu lililorudiwa. Kurudiwa kwa maneno kwenyewe kunabeba maana ya mgawo: wawili wawili, tatu tatu, fungu kwa fungu. Majina ya siku, toka Jumamosi hadi Jumatano, yamebeba hesabu ndani yake, mosi, pili, tatu, nne, tano, na juma zima ni fungu la siku 7 lisilokoma kurudi. Ushairi wa kimapokeo humzoeza msikilizaji kungojea kina mahali pake, baada ya mizani 8 na tena baada ya 8 nyingine. Katika mwambao, ukili wa rangi husukwa kwa kanuni ya kupitisha juu na chini, isiyo mbali na ile ya karatasi za Froebel.

Kwa msingi huo, mwalimu anaweza kufuata ngazi. Kwanza mtoto anakili ruwaza iliyo mbele yake. Pili anaiendeleza. Tatu anajaza pengo lililoachwa katikati, kazi ambayo mdundo peke yake hauitoshelezi. Nne anaonyesha kwa kidole fungu linapoanzia na linapoishia, na kulipa jina. Tano anaihamisha: kilichokuwa chekundu, cheupe, cheupe kiwe piga kofi, kanyaga, kanyaga. Baadaye, akiwa mkubwa kidogo, aulizwe kifuniko cha 20 kitakuwa cha rangi gani bila kuvipanga vyote. Fungu likiwa la vifuniko 3, mafungu 6 huishia kwenye 18; cha 19 ni cha kwanza katika fungu jipya, na cha 20 ni cha pili. Basi ni cheupe. Mtoto huyo amegawanya, ametumia baki, na hajaandika alama hata moja.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa yaonyesha kwamba ruwaza inayojirudia ilipita mikononi mwa watu wengi: mtazamaji wa fuwele wa Berlin, mwalimu wa Thuin, mdarizi wa Kasai, mchoraji wa Kichokwe, na watafiti wa leo. Kila iliposhikwa kama kanuni yenye jina, ilizaa ujuzi unaohama kutoka kitu hadi kitu. Kila iliposhikwa kama pambo au wimbo, ilibaki pambo au wimbo.

Kwa vyuo vikuu vya Kongo, kazi mbili zinajitokeza. Ya kwanza ni ya wanaisimu na walimu wa hisabati kwa pamoja: kukusanya, katika Kiswahili na katika lugha nyingine za nchi, maneno ambayo mafundi, wauzaji na watoto wenyewe huyatumia kutaja sehemu inayorudi, na kuyaingiza katika vitabu vya mwaka wa kwanza. Ya pili ni ya walimu wanafunzi: kujizoeza kuuliza swali moja zaidi baada ya jibu sahihi. Mtoto akisema kwamba kinachofuata ni chekundu, aombwe aonyeshe fungu lake liko wapi. Jibu la swali hilo la pili ndilo litakalomwambia mwalimu kama kazi ya siku hiyo imekwisha, au kama ndiyo kwanza inaanza.